Aliyemsikiliza Mwanangu Akisoma

Katika maisha yangu nimemwonea wivu mwanamke mmoja tu, na wala hakunichukulia mume. Alimfundisha mwanangu kusoma.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Tulipanga nyumba moja Temeke, nyumba ya udongo ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati na ua nyuma. Mume wangu alikuwa kuli bandarini. Alitoka alfajiri kwa miguu kwenda Kurasini, akirudi mabega yamemvimba, akila hana hata maneno. Tulikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka saba.

Mwanamke huyo na mumewe walikaa chumba cha mkabala na chetu. Walikuwa Wakristo, watu wa Kusini. Mume alikuwa fundi mwashi, na mke alikuwa amesoma shule ya misheni kwao mpaka darasa la sita. Kwa mwanamke wa rika letu hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Hawakuwa na mtoto. Walizaa wawili, wakawazika wote huko huko kwao kabla hawajahamia Dar es Salaam. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia tulipokuwa tunaanza kuzoeana, tukiwa uani tunapepeta mchele.

Mie nilisoma chuoni. Nilihitimu msahafu nikiwa bado mdogo na herufi za Kiarabu nilizijua vizuri. Lakini herufi za shule, zile zinazoanzia kushoto, sikuijua hata moja.

Binti yangu alipoandikishwa darasa la kwanza, mwalimu mkuu alituita wazazi. Alisimama barazani pa shule na kaptula yake iliyopigwa pasi ikasimama, akatueleza anachotaka. Mtoto afike kabla ya kengele. Kucha zikatwe. Nguo zifuliwe hata kama ni moja.

"Na la mwisho," akasema. "Kila siku mtoto akirudi nyumbani, mtu mzima amsikilize akisoma. Ukurasa mmoja tu. Akimaliza, huyo aliyemsikiliza atie alama yake kwenye daftari, nami nitaikagua. Shule inafundisha nusu, nusu nyingine ni ya nyumbani."

Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Na sie tusiojua kusoma, Bwana Mwalimu?"

"Sikilizeni hivyo hivyo. Masikio hayaendi shule."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, huku moyoni najiuliza mtu atasikilizaje kitu asichokijua.

Siku ya kwanza mtoto alirudi na kitabu chake akanikuta jikoni uani, mchuzi unachemka na mwiko mkononi. "Mama, nikusomee," akasema. Nikamwambia, "Ngoja kwanza niteremshe chungu." Nilipoteremsha chungu na kunawa mikono, nikamkuta amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha mkabala. Jirani alikuwa anamenya mihogo, na macho yake yako kitabuni.

"Rudia hapo," alikuwa akimwambia. "Hiyo siyo baba. Itazame mpaka mwisho."

"Bata!"

"Bata. Ulitaka kumfanya baba aogelee?"

Mtoto akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nilisimama ukumbini na mikono yangu inachuruzika maji. Jirani alipomaliza alichukua penseli akaandika jina lake kwa herufi ndogo nzuri, akaniambia kwa furaha, "Anashika upesi huyu, dada." Nikasema ahsante. Siku ile nilishukuru kweli.

Kesho yake mtoto alikwenda tena, na keshokutwa, ikawa ndiyo desturi. Mwalimu akasifu daftari lake mbele ya darasa. Nami ningepaswa kulala usingizi wa raha, lakini kila alasiri zile sauti mbili zilipoanza kusikika kutoka chumba cha pili, wivu ulinipanda. Nilichukua kinu nikatwanga. Siku nyingine sikuwa na cha kutwanga, nikatwanga mchele uliokwisha kutwangwa.

Kilichoniuma ni vitu vidogo vidogo ambavyo hata kumweleza mtu ningeona haya. Siku aliyopata hesabu zote, niliona akija mbio kutoka njiani, daftari juu. Nikanyanyuka nimpokee. Akanipita mlangoni kama nguzo, akaingia chumba cha mkabala. Alianza kumwita jirani mama mdogo, na udugu huo sie wakubwa hatukuwa tumeuzungumza. Ikawa mama mdogo amesema hivi, mama mdogo amesema vile. Usiku mmoja akaniambia, "Mama mdogo amesema kucha ndefu ni uchafu." Mie niliyekuwa nikimkata kucha kila Ijumaa tangu azaliwe!

Nikaanza kutafuta kosa. Nikamwambia mume wangu kwamba mwanamke yule atamtia mtoto kanisani.

Akaacha kula. "Amemfundisha nini cha kanisa? Kutoa na kujumlisha?"

"Leo hesabu, kesho utasikia nyimbo."

"Mtoto anakwenda chuoni kila asubuhi ya Jumamosi, na sura anazijua. Wewe una lako jingine." Akaendelea kula. Alinijua, nami nilijua kuwa nimesema uongo.

Siku mambo yalipoharibika tulikuwa uani sote wawili. Mie nafua, jirani anaosha vyombo. Mtoto akaingia kutoka shuleni akaita ukumbini, "Mama!"

"Bee," nikaitika.

Akachungulia uani. "Siyo wewe. Namwita mama mdogo."

Hakuwa na ubaya, alikuwa mtoto. Jirani mwenyewe aliona haya, akamwambia haraka, "Msalimie mama yako kwanza." Na hapo ndipo nilipowaka. Nikajiona nafundishiwa mwanangu namna ya kunisalimu. Nikageuka na nguo imelowa mkononi, nikasema, "Kama unataka sana kuitwa mama, zaa wako."

Jirani alikuwa ameshika bakuli. Aliliweka chini taratibu, vyombo vingine akaviacha na mapovu yake, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mtoto alinitazama, kisha akatazama ule mlango. Nikamwambia, "Kuanzia leo utasoma kwangu."

Ikawa hivyo. Kila alasiri nilitandika mkeka chumbani kwetu, mtoto akasoma, nami nikakaa wima namsikiliza kama nilivyoona wenzangu wakisikiliza. Akimaliza nilipiga mstari mmoja kwenye daftari. Wiki ya kwanza alisitasita. Wiki ya pili akasoma kama maji, hadithi nzuri tupu. Nikavimba kichwa. Nikawa najiambia kwamba kumbe hakuhitajiwa mtu, kumbe mtoto anahitaji mama yake tu. Mlango wa mkabala ulikuwa umefungwa kila nikipita. Nilitoa salamu, nikaitikiwa, basi.

Baada ya mwezi hivi mwalimu alituma niitwe. Nilivaa buibui langu zuri, maana nilidhani nakwenda kusifiwa.

Alitukalisha, mie na mtoto, akafungua kitabu. "Soma," akamwambia. Mtoto kimya. Akageuza ukurasa mwingine. Kimya. Mwalimu akachukua daftari akalitazama, kisha akaniuliza bila ukali, "Mama, alama hizi za mstari ni zako?"

"Ni zangu, Bwana Mwalimu."

"Jana alikusomea ukurasa huu. Unahusu nini?"

Nikajibu kwa kujiamini, "Sungura na mbuzi wanakwenda sokoni, njiani wanagombana nani abebe kikapu."

Mwalimu alifunga kitabu. Akasema, "Mama, ukurasa huu unaeleza jinsi ya kuchemsha maji ya kunywa."

Sikumbuki nilivyoaga. Njiani mtoto alilia, nami sikumpiga wala kumkemea. Tulipokaribia nyumbani nikamuuliza, "Kwa nini ulinidanganya?"

"Maneno yalikuwa magumu," akasema kwa kwikwi. "Na wewe nikisoma hadithi ulikuwa unafurahi."

Nilifika nikavua buibui, nikaenda moja kwa moja kubisha hodi mlango wa mkabala. Alifungua. Hakunikaribisha ndani, nasi tukasimama pale kizingitini.

"Dada," nikasema, "neno nililokutamkia lilikuwa baya. Sikuwa na sababu. Nilikuwa nakuonea wivu. Nisamehe."

Macho yake yalikuwa makavu. "Wanangu walikuwa na majina," akasema. "Siku ile uliwatukana na wao."

"Najua."

"Mtoto aje kesho. Hana kosa. Lakini wewe niache kwanza. Sijaweza."

Nilidhani nikiomba msamaha mara moja yatakwisha, tutashikana mikono na kurudi kupepeta mchele pamoja. Haikuwa hivyo. Mtoto alirudi kusoma kwake, akafurahi, na mie nikabaki upande wangu wa ukumbi nazisikia tena zile sauti mbili. Wivu nao ulirudi. Ila safari hii sikuwa na kinu cha kujifichia, kwa kuwa nilishaona kilichompata mtoto.

Siku moja nilichukua mbuzi ya kukunia na nazi yangu, nikakaa ukumbini, mlangoni kwangu, kutoka kizingiti chao kama hatua tatu. Nikakuna nazi polepole ili nisikie. Jirani aliniona, akaendelea kumsikiliza mtoto. Kesho yake nikatoka tena, na siku iliyofuata pia. Mtoto alisoma akifuatisha kidole, nami shingo imenyooka kama twiga.

Siku ya nne au ya tano jirani alishika kitabu, akakigeuza kidogo kuelekea upande wangu. Kisha akasema bila kunitazama, "Hii ni m. Ina miguu mitatu. Hii ya jirani yake ina miwili, ndiyo n."

Mtoto akashangaa. "Mama mdogo, mbona hizo nazijua tangu zamani?"

"Nazisema tu," akajibu. "Endelea."

Nikainama nikakuna nazi kwa nguvu, machozi yananidondokea ndani ya sinia.

Basi ndivyo nilivyojifunza, herufi moja moja, kwa kusikiliza masomo yasiyokuwa yangu. Usiku binti yangu alinionyesha zile nilizozikosa, nikaziandika sakafuni kwa mkaa. Nisiseme uongo kwamba moyo ulitulia. Nilimwonea wivu jirani kwa kujua, nikaanza kumwonea wivu hata mwanangu mwenyewe, jinsi macho yake yalivyoteleza juu ya mstari ambao mie niliusukuma kama gari lililokwama kwenye mchanga. Lakini mwalimu alipouliza tena kuhusu ukurasa, niliweza kumwambia unahusu nini.

Mtoto alipofika darasa la tatu, mume wa jirani alipata kazi Mtwara, kwenye ujenzi wa bandari mpya. Siku ya safari nilimpikia mikate ya kumimina na kuku wa kukaanga, nikavifunga kwenye kitambaa. Alivipokea. Alinishika mkono, akaniambia, "Usiache kumsikiliza." Sijui hadi leo kama ile ilikuwa ndiyo msamaha. Mtoto alimlilia siku tatu. Mie sijawahi kuliliwa hivyo na mtu, nami nilizihesabu zile siku.

Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa darasa la nne akafaulu kuendelea na shule ya kati. Wasichana waliofaulu walikuwa wachache mno. Majirani walijaa nyumbani kwetu. Mama mmoja akanishika mabega akasema, "Hongera mwenzetu. Hii ni kazi yako. Wewe uliketi na mtoto."

Hapo palikuwa pa kumtaja yule mwanamke. Neno lilifika mdomoni. Nikasema, "Alhamdulillahi," nikaenda kuongeza chai. Hongera zote nilizipokea mwenyewe. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na mlango, akasikia.

Jioni ile aliandika barua kwenda Mtwara. Kesho yake alinipa nikaitie posta, na bahasha ilikuwa bado haijagandishwa. Nikakaa kwenye ngazi za posta nikaisoma yote, kidole chini ya mstari. Alimweleza habari za mtihani. Alimshukuru kwa maneno ambayo hajapata kuniambia mie. Nilikuwa natafuta mahali nilipotajwa, nikakuta mwishoni kabisa: Mama anakusalimu sana, na anasema kufaulu kwangu ni kwa ajili yako.

Sikuwa nimemtuma aseme hivyo. Nilikaa na ile barua mapajani muda mrefu, watu wananipita wakipanda na kushuka. Kisha nikailamba gundi nikaigandisha, nikaitia.

Majibu yalichukua wiki tano. Bahasha ilikuwa na jina la binti yangu, lakini alikuwa shuleni, na mie nikaifungua. Mume wangu alikuwa anakula wali. Nikamsomea kwa sauti, pale jirani aliposema: "Mwambie mama yako salamu zake zimefika, nami nimezipokea."

"Hebu rudia," mume wangu akasema. Alidhani nimebahatisha.

Nikarudia.