Wateja Wasiochukua Picha Zao

Mpiga picha wetu wa Bariadi hunyata hata akienda sokoni. Tangu mambo yawe ruksa na filamu zijae madukani, kila filamu huianzia harusini na kuimalizia porini, amelala kifudifudi mbele ya ua la mbigili, akinong'ona, "Tulia hivyo hivyo, mzuri wangu." Kwenye ubao wake wa nje, katikati ya mabibi harusi, ametundika chiriku na vipepeo. Ukimuuliza, anajibu bila kucheka, "Ni wateja hao. Hawajaja kuchukua picha zao."

Siku moja Mama Nyanjige, muuza mchele, alikaa mbele ya kamera amekaza uso, kama sote tunavyofanya tukipigwa picha. Kipepeo akatua puani pake. "Usitikisike, mayu, mama yangu!" mpiga picha akamsihi. Mama akaangua kicheko, kamera ikalia. Picha iliporudi kutoka kusafishwa Mwanza, alifoka: "Meno yote nje! Wakwe zangu watasemaje?" Akaikataa. Mpiga picha aliitundika pale pale ubaoni, kati ya chiriku. Jana mama alirudi na mdogo wake. Walisimama mbele ya ubao wakicheka mpaka wakashikana mabega, kisha mama akamkalisha mdogo wake kitini, mbele ya kamera. "Huyu naye," akasema, "mtafutie kipepeo."