Gia ya Kuchinjwa, Si Kibudu

Wenzangu wa Lushoto mliozoea kuniona na jembe, najua mnaulizana nilikwenda Tanga kufanya nini wakati kazi yangu iko Mkwaja. Nilikwenda kutafuta gia. Mimi Mama Eliza wenu ni opereta wa kijiko, lile dude la kuchimba lenye mkono mrefu, na kijiko changu kilikuwa kimenikwamia pabaya kuliko pote: juu ya tuta jembamba la barabara ya mchepuko, matope kulia, matope kushoto. Mnyororo wa upande mmoja uligoma kuzunguka. Nilijaribu kujivuta kwa baketi, ukingo ukaanza kumeguka, nikazima injini nikashuka. Bodaboda ziliweza kujipenyeza ubavuni. Gari, hapana.

Yangekuwa matatizo ya kampuni tu kama si Rehema. Nimepanga chumba kwa mama yake, Bi Mwanahawa, na Rehema alikuwa mja mzito wa siku za mwisho. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, kwa hiyo nesi wa zahanati alikwisha kusema huyu wa pili azaliwe hospitali, Pangani, na mama apelekwe kwa gari amelala, pikipiki asiiguse. Njia ya kusini, ya Saadani, mvua ilikuwa imeigeuza uji. Ilibaki njia moja, na mimi ndiye niliyeiziba.

Asubuhi ya kuondoka, Shabani, fundi wetu, alinifungia gia iliyovunjika kwenye gunia akanielekeza: fika Tanga, nenda Mabawa, uliza machinjio ya mitambo. Bi Mwanahawa alikuwa mlangoni, akasikia neno moja tu. Akaingia ndani, akatoka na kikapu kipya cha ukili. Nesi kasema Rehema damu yake ndogo, ale maini. Basi kwa kuwa nakwenda machinjioni, nimletee, na niyaangalie vizuri yasiwe ya jana. Nikaanza kumweleza kwamba huko wanachinja chuma, lakini bodaboda alikuwa anapiga honi, na Bi Mwanahawa akishaamua jambo hasikilizi mtu. Nikakipokea kikapu, na gunia la gia nikalitia humohumo.

Pangani nilivuka mto nikiwa nimelowa tope hadi magotini, nikapata lifti ya lori la nazi. Dereva aliniuliza nimebeba nini kizito hivyo kikapuni. Nikamwambia jino bovu, akacheka hadi Tanga inatokea.

Mjini nilianzia madukani, maana mimi sina subira na nilitaka kurudi siku hiyohiyo. Duka moja wakanitolea gia mpya inayong'aa, imefungwa kwenye nailoni kama peremende. Muuzaji akaapa ni orijino. Nikaiweka kando ya ile yangu iliyovunjika: pacha kabisa. Nikahesabu meno. Ile mpya imepungua jino. Muuzaji akasema jino moja si tatizo, litajizoesha. Jamani! Hasira zilinipanda, nikamwuliza hiyo orijino yake jino lake liling'oka wapi, nikatoka.

Mabawa, nyuma ya nyumba za watu, nilioneshwa geti la mabati. Nikaingia nikabaki mdomo wazi. Mimi niliyeendesha mitambo miaka yote hii sijapata kuiona iko wazi namna ile. Magreda yamefunuliwa matumbo. Minyororo imelala chini kama chatu walioshiba. Kuna gurudumu la gia lililosimama wima, limenipita kimo, na kila jino lake ni kubwa kuliko kiganja changu. Nikajikuta nimevua kofia, bila kujua namvulia nani. Nilijiona mdogo, na nilifurahi kujiona hivyo.

Mwenye yadi ni mama mtu mzima, Mdigo, Bi Zuhura, amekalia kiti cha buldoza kilichong'olewa, amejifunga kanga safi isiyo hata na doa la oili. Nikampa shikamoo, akaitika, akaniagizia chai kabla hajaniuliza shida yangu. Nilipomweleza habari ya Rehema aliacha kunywa.

Juu ya benchi niliona gia. Ukubwa wake, meno yake, kila kitu sawasawa na yangu. Nikaishika. Bi Zuhura akasema niiweke.

"Hicho kibudu, mwanangu," akasema.

Neno nilikuwa nalijua, la mnyama aliyejifia mwenyewe, ambaye Mwislamu hamli. Kwenye chuma sijapata kulisikia. Akanieleza kwamba yadi yake ina sheria moja. Mtambo ukiletwa wenyewe unatembea, unawashwa, mnunuzi anausikia kwa masikio yake, kisha ndipo unachinjwa. Hizo ndizo spea anazouza. Mtambo uliojifia huko porini hakuna anayejua kilichouua, na ugonjwa ule unaweza kuwa umejificha ndani ya chuma, mahali jicho halifiki. Huo anauuza kwa kilo, ukayeyushwe. Mwenzake wa gia yangu alikuwa njiani kutoka Mombasa: kijiko kama changu, mkono umepasuka hauungiki, lakini miguu mizima. Lori lililokibeba lilikuwa limekwama mpakani Horohoro kwenye ushuru. Litafika kesho.

Wakati huohuo simu yangu ikalia. Bi Mwanahawa. Kiuno cha Rehema kimeanza kuuma, kinauma na kuacha. Nirudi lini?

Nawaambieni ukweli, niliichukua tena ile gia ya benchini. Nilimwambia Bi Zuhura kuna mtu anaumwa uchungu, mimi nahitaji kutembeza kijiko hatua chache tu nipishe njia. Nilisema kwa sauti ya juu, na sikuona haya.

Hakunigombeza. "Ukitaka chukua, bure. Ila kikivunjikia katikati, vipande vitasaga na vingine vyote, na tuta lako litazibwa mwezi mzima. Mimi nisingempitisha binti yangu juu ya kibudu."

Nikairudisha. Mkono wangu ulikuwa mzito kuliko hiyo gia. Nikampigia Bi Mwanahawa nikamwambia kesho. Akasema nisisahau maini.

Kesho yake asubuhi lori liliingia getini na kijiko mgongoni. Mafundi wakakiwasha, kikajishusha chenyewe, kikatembea yadi nzima, ardhi ikatetemeka mpaka mabati ya jirani yakalia. Bi Zuhura akaniambia nitembee nacho sambamba, kiganja kwenye kasha la gia. Nikatembea. Chini ya mkono wangu kulikuwa na mngurumo mmoja, laini, usiokatika. Machozi yalinitoka, na sijui hadi leo kwa nini. Kikazimwa. Fundi akaweka spana kwenye nati ya kwanza, akasema bismillahi, akakaza mkono.

Kasha lilipofunguka oili ilikuwa ya rangi ya asali. Gia ya kati, si kubwa kuliko papai, na nyingine tatu zimeizunguka. Hicho ndicho kinachosukuma dude la tani ishirini na zaidi! Nilitaka ile ya kati tu. Bi Zuhura akakataa. Zimesagana pamoja, zimezoeana. Ukimpeleka mmoja kwa wageni watatafunana. "Hapa huchukui mke peke yake. Unachukua nyumba nzima." Zikaingia zote kikapuni, zimetiwa grisi na kufunikwa magazeti.

Mkwaja nilifika jua likiwa bado juu. Shabani hakunisalimia hata, alinipokonya kikapu akaingia topeni. Upande wa pili wa tuta gari lilikuwa limekwisha kuwashwa, Rehema amelazwa nyuma, anamng'ata mama yake kanga. Shabani alipofunga nati ya mwisho nilipanda, nikasukuma stiki taratibu. Nikasikia mngurumo uleule wa Mabawa. Kijiko kikatembea. Nikakitoa tutani, nikakisogeza pembeni penye udongo mgumu, gari likapita.

Bi Mwanahawa akatoa kichwa dirishani. Nilidhani ataniombea dua. Akauliza, "Na maini?"

Nikamwonyesha kikapu mkononi mwa Shabani, kinachuruzika grisi. "Nimeleta gia, bibi."

Akakitazama. "Ya kuchinjwa?"

"Ya kuchinjwa. Kwa bismillahi, nimesikia."

"Haya," akasema, wakaenda.

Rehema alifika Pangani, akapasuliwa, akapata binti. Siku hizi nikishika spea mtu ananisifia uzuri wake, mimi nauliza kwanza ilikufaje. Wengine wananiona nimerukwa na akili.

Waliporudi nilinunua maini kwa fedha yangu, mabichi ya asubuhi, nikayapeleka kwa kikapu kilekile nilichokiosha hadi vidole vikachubuka. Yalipopikwa, Rehema akatafuna pande la kwanza, akanitazama.

"Mama Eliza, yananuka grisi," akasema. Akala yote.