Tinti ya Msimamizi

Walimwita Mama Usukani, na jina likamkaa. Alikuwa mjane wa mabega mapana, sauti yake haijui kunong'ona, na kazi yake ilikuwa kuwachukua wagonjwa wa figo majumbani na kuwapeleka kliniki kusafishwa damu. Wagonjwa wenyewe hawatulii mahali, leo wako kwa binti, kesho kwa kaka, tena kwenye mitaa mipya isiyo na vibao, nyumba zimefanana kama mapacha. Ndiyo maana alitegemea jipiesi kuukuu, kile kifaa cha kuonyesha njia, iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele.

Kifaa kile kilikuwa kizito kuamka, lakini kikishaamka kilichapa kazi. Ghafla kikaingia ukaidi. "Natafuta setilaiti," kiliandika, na kikakwama hapo hapo, huku gari likizunguka mtaa mmoja mpaka watoto wakaanza kulipungia mkono. Siku moja alimfikisha kliniki mwalimu mstaafu wakati mashine imeshapewa mwingine. Mzee wa watu, miguu imevimba, pumzi juu juu, akaambiwa arudi kesho.

Msimamizi wa magari akamshukia Mama Usukani pale pale, mbele ya wagonjwa.

"Unapitia kwa mashoga zako kupiga soga, halafu unasingizia setilaiti!"

Damu ikamchemka. "Mimi? Nipige soga na mgonjwa yumo garini?"

"Ukirudia, utafute kazi nyingine."

Alifika nyumbani na hasira zake, kifaa mkononi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa fundi redio. Akakipokea kile kifaa, akakigeuzageuza.

"Shemeji, betri ya ndani imekufa. Kila ukikizima kinasahau kilipokuwa, kikiwaka kinaanza kutafuta upya. Nitaibadilisha. Na wewe usikikimbize. Kiwashe mahali pa wazi, gari limesimama, kikishazipata setilaiti ndipo uondoke."

Betri ikabadilishwa. Nje, mkononi, kifaa kilizipata setilaiti kabla hajamaliza kusifia. Kukirudisha garini tu, kikapotea. Wakakitoa, kikapata. Wakakiingiza, kikapotea tena. Shemeji akagonga kioo kwa ukucha.

"Hii tinti ya kung'aa imewekwa lini?"

"Juzi juzi tu. Msimamizi alitaka magari yapendeze."

"Basi ina madini ndani yake. Inazuia jua, na setilaiti nazo inazizuia. Ni kama mmekaa ndani ya sufuria iliyofunikwa."

Mama Usukani akakitazama kile kioo. Kumbe aliyemtukana ndiye aliyempofusha!

Kesho yake mchana akaenda ofisini, hapo hapo kliniki, akaeleza kwa upole wote alionao. Msimamizi akacheka. "Siku hizi fundi redio ndiye ananifundisha magari?" Akaombwa atoke nje aone mwenyewe, hata kitini hakunyanyuka.

Mama Usukani akatoka, akachukua wembe, akakwangua tinti nyuma ya kifaa, sehemu ya kutosha viganja viwili. Kioo kikabaki na makovu, lakini setilaiti zikaingia. Msimamizi aliyemchungulia dirishani akaja mbio.

"Umeharibu gari!"

Mwalimu mstaafu alikuwa ameshakaa garini, ametoka kwenye mashine, anasubiri kurudishwa kwa mwanawe. Akafungua mlango.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyerudishwa nyumbani nimejaa maji mwilini. Ingia ukae mbele, uone."

Macho ya wagonjwa kibarazani yakamsukuma, akaingia. Kifaa kikawapeleka kona kwa kona mpaka mlangoni kwa mwana wa mwalimu. Kwenda na kurudi, Msimamizi aliangalia nje tu.

Baadaye magari yote yakabanduliwa tinti. Kwenye kikao cha wafanyakazi Msimamizi akatangaza kuwa ofisi imegundua tatizo na kulitatua. Makofi yakaanza. Mama Usukani akasimama.

"Ofisi haikugundua kitu. Ofisi ilinitukana mbele ya wagonjwa, na itaniomba radhi mbele ya wagonjwa hao hao."

Makofi yakakatika. Msimamizi akakohoa, akasema hilo watalizungumza wawili, baadaye.

Hawajalizungumza hadi leo. Mama Usukani anaendesha, wagonjwa wanafika kwa wakati, na kila Msimamizi anapomuuliza habari za asubuhi, yeye humjibu neno moja: "Nasubiri."