Nililipa Faini, Maji Sikuchemsha

Siku niliyotozwa faini na bwana afya naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa na kibanda cha chakula pale stendi ya Buzuruga. Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu biashara, na mimi kwa ugali na samaki sato nilikuwa sishikiki. Kiburi kilinijaa, nakwambia.

Kipindupindu kikaingia mjini. Tukatangaziwa: maji ya kunywa yachemshwe, na wateja wasinawe tena kwenye beseni moja, wamiminiwe kwa jagi. Mimi nikaona upuuzi. Tangu utoto wetu tunanawa beseni moja, mkubwa anaanza, wadogo wanafuata. Leo nimmiminie mtu mmoja mmoja, nina mikono kumi? Na mkaa wa kuchemshia ndoo zote zile anautoa nani? Nikaendelea kuchota maji ziwani na kuyatia mtungini vile vile.

Bwana afya alikuja mchana, watu wakila. Akatazama beseni, akafunua mtungi, akaniandikia faini. Nikalipa papo hapo, tena kwa madaha. Alipogeuka tu nikawaambia wateja, "Haya, naweni! Si nimeshalipa?" Wakacheka. Mzee Masanja, fundi viatu wa pale stendi, hakucheka.

"Binti," akasema, "umelipia kosa. Maji bado ni yale yale."

Nikamjibu ashone viatu vyake. Ee mwanangu, sikio la kufa halisikii dawa!

Siku ya tatu mdogo wangu Kabula akaja kutoka Bujora kunisalimia, ana kiu ya safari. Nilimchotea maji mwenyewe, kwa mkono huu. Kesho yake akaanza kuharisha na kutapika, macho yakaingia ndani. Tukamkimbiza kwenye kambi ya wagonjwa, na kabla ya jua kuzama akafa. Hata kumwosha hatukuruhusiwa. Walimpulizia dawa, wakamzika huku huku mjini, mama yetu akiangalia kwa mbali. Kisha mama akanigeukia.

"Faini ya maji ulilipa. Huyu utamlipa nani?"

Hakunisemesha tena mpaka alipokufa. Kibanda nacho kilifungwa, na nilistahili. Nina hasira mpaka leo, wala si na bwana afya. Ni na mimi mwenyewe.

Basi nisikilize, wewe unayetaka kufungua mgahawa. Ukiambiwa chemsha, chemsha. Ukitozwa faini usiseme yamekwisha. Rekebisha kilichokuponza kabla hujapika tena, maana faini si ruhusa. Na mtu mzima akikukanya mbele ya watu, meza mate umsikilize, hata kama unaona anakuaibisha.

Mungu akulinde, mwanangu, na akupe kuona aibu mapema, wale wa kuwaomba radhi wangali hai. Mimi wangu wameshazikwa wote.