Sauti Nne za Pikapu ya Baba

Baba alipomfuata mama kaburini, alituachia shamba la mpunga na pikapu kuukuu ambayo mshale wake wa spidi ulikuwa umelala kwenye sifuri tangu kabla sijaacha shule. Mimi ndiye mkubwa. Baba mkubwa alisema wazi: nikishindwa kuipandisha na mzigo kutoka Ipinda kuelekea Tukuyu, pikapu inauzwa. Wadogo zangu walikuwa wanakula kwa pikapu ile.

Siku za kujifunza, tambarare haikunisumbua. Kilimani nilisubiri mpaka injini ilegee kabisa ndipo nikashika gia. Gari likazima, likaanza kurudi kinyumenyume.

"We mtoto, unaiua!" alisema shangazi, aliyekaa kando yangu. Hajawahi kushika usukani, ila ameimba kwaya tangu usichana na alisafiri sana kando ya baba. "Isikilize. Ikilia juu kama wanawake wa sauti ya kwanza wakizidisha, panda gia. Kilimani, ikishuka kwenye tenori, rudi chini. Usingoje besi. Besi umeshachelewa."

"Shangazi, hili ni gari au ibada?"

"Endesha huko."

Siku ya kupimwa, baba mkubwa alikaa kushoto, kofia mapajani. Shangazi alipanda nyuma juu ya magunia ya mchele. Tuliuanza mlima kwa gia ya tatu. Injini ililia juu, nyembamba, kisha ikaanza kunenepa. Nikaisikia ikitua kwenye tenori, palepale wanaposimama wanaume wa kanisani kwetu. Nikakanyaga klachi, nikaingiza ya pili.

Pikapu ilijiinua. Sijui niseme vipi. Magunia yote yale, watu watatu na chuma kilichochoka vilibebwa na sauti niliyoisikia maisha yangu yote nikidhani ni kelele tu. Vinyweleo vilinisimama. Kumbe baba aliisikia hivi kila siku, akarudi nyumbani, akanawa, akala, asiseme neno.

Paa likagongwa kutoka nyuma.

"Simama, anataka kushuka," alisema baba mkubwa.

"Hashuki, baba. Anaimba."

Akatega sikio. Kweli, shangazi alikuwa anaimba, akipiga mdundo kwenye bati.

Tulipofika juu, baba mkubwa alivaa kofia yake. "Mnunuzi nitamwambia asije. Ndaga, asante, mwanangu. Sasa izime ipumzike."

Sikuizima mara moja. Niliiacha ingurume kidogo, nikaisikiliza.