Ndiyo ya Mahajanga

Nilipostaafu ualimu hapa Tanga nilibaki nyumbani namsahihisha mume wangu kila sentensi. Binamu yangu Zaina, aliyeolewa Mahajanga kule Madagaska, alipopiga simu kwamba kuna wakimbizi wanatafuta mtu wa kuwafundisha Kiingereza bure, aliyenifungia sanduku alikuwa mume.

Njiani, kisiwani Nosy Be, nililala usiku mmoja kusubiri ndege. Mimi na bibi mwenye gesti tuliamkiana vizuri sana kwa salamu za dini, baada ya hapo kila mtu akabaki na lugha yake. Niliomba maji, nikaletewa samaki. Nilimla.

Kesho yake tukatua uwanja wa Amborovy, Mahajanga, Zaina akanipeleka kwake mtaa wa Mangarivotra. Darasa lilikuwa barazani. Wanafunzi walikuwa Wakongo. Kiswahili wanacho, ila Kimalagasi kimeshawaingia. Aliyenigusa ni Feza wa Uvira. Wanawe wawili walishatangulia Kanada na dada yake, na mahojiano ya kuwafuata yalikuwa wiki ileile. Feza alikataa mkalimani, alitaka kujibu Kiingereza mwenyewe, maana mkalimani wa kwanza alimharibia maelezo yake.

Mwisho wa somo la kwanza nikauliza kama kuna maswali: "Any questions?"

"Eny!" darasa zima likaitika.

Nikasubiri swali. Wao wakanisubiri mimi. Tukatazamana mpaka Zaina akaangua kicheko jikoni.

"Dada, eny kwa Kimalagasi ni ndiyo! Wamekuitikia tu."

Niliingiwa na hofu. Feza akiulizwa kama ana kesi yoyote polisi, si ataitika kwa adabu zote? Basi tukakariri hadi sauti zikakauka: ukisikia "any", jibu "no".

Siku ya mahojiano nilikaa kwenye benchi, nje ya mlango wa afisa ulioachwa wazi kwa sababu ya joto. Any kesi? "No!" Any ugonjwa? "No!" Nilivimba kichwa.

"Any children?" afisa akauliza.

"No!"

Nilisimama. Ndani kiti kikaanguka, na Feza akapaza sauti kwa Kiingereza kibovu ambacho sikumfundisha mimi:

"Futa! Hiyo no ni ya mwalimu. Watoto ni wangu. Wawili!"

Kisha nikamsikia afisa akicheka, akamwomba amtajie majina yao.

Nilirudi Tanga nikijua kwamba mtu mwenye jambo la kusema, Kiingereza hakimshindi. Miezi ikapita bila habari, nikakata tamaa. Asubuhi moja simu ikalia, namba ya Kanada.

"Mama mwalimu," Feza akasema, "ngoja kwanza, hawa hapa."

Sikuelewa neno hata moja, maana watoto wawili walikuwa wakigombea simu. Nililia, nikawaacha wagombane.