Nilihifadhi hamira zangu za maabara kwenye friji ya baa Kamenge, habari zikamfikia Baba msikitini

Wakuu, salaam kwenu.

Hii si chai. Najua humu kuna watu kazi yao ni kuandika "mtunzi endelea", nawaomba mvumilie hadi mwisho. Hata mimi ningeisikia kwa mtu ningebisha.

Mimi ni binti wa Bujumbura, mzaliwa wa Buyenzi, familia ya Kiislamu ya hapa hapa mjini tangu enzi za mababu. Baba yangu ni fundi wa injini. Nasoma master ya biolojia na utafiti wangu ni juu ya hamira. Ndiyo, hamira hii hii ya maandazi. Huku kwetu tunaiita levire.

Mmeshaanza kucheka. Haya, chekeni halafu turudi.

Niwaeleze kidogo ili twende pamoja. Seli ya hamira inatengeneza protini, nyingine za kutumia ndani, nyingine za kutoa nje. Hizi za kutoka nje, nyingi huvishwa kwanza vinyororo vya sukari, halafu zinasafirishwa kupita vituo kadhaa mpaka zinatolewa.

Fikirieni wamama wa Gatumba, kule mpakani, wanaovusha bidhaa kwenda Congo. Mzigo usipofungwa vizuri, au ukikwama kituo kimoja, unarundikana upande huu.

Sasa mimi nilikuwa na hamira zilizoharibika gene moja moja, yaani jeni, maelekezo ya urithi ndani ya seli. Kuna zinazoshindwa kuvisha sukari, na kuna zinazovisha vizuri lakini mzigo unakwama njiani. Ukijua mzigo umekwama wapi, unajua ile gene kazi yake ilikuwa ipi.

Na msidhani ni mchezo. Sisi binadamu tunazo gene za namna hiyo hiyo. Kuna watoto wanazaliwa na hitilafu kwenye kazi hii ya kuvisha sukari, wanachelewa kukaa, wanachelewa kutembea, mama anazunguka hospitali zote na hakuna anayempa jina la ugonjwa. Nikiwaza hao wamama, hata kuchoka huwa naona aibu.

Tatizo ni kwamba hamira zangu hazivumilii joto. Kwenye ubaridi zinaishi vizuri tu. Joto likipanda, ubovu wao unajitokeza na zinasimama.

Tena kuna ubaya mwingine. Zikikaa kwenye joto, zile chache ambazo kwa bahati gene yake imejirekebisha ndizo zinaendelea kukua, zinajaza chupa nzima. Unabaki na hamira ya kawaida kabisa, ya dukani, na kwa macho huoni tofauti. Utafiti umekwenda na maji.

Basi siku moja transfoma ya mtaa wa maabara yetu ikaungua. Jenereta ipo, mafuta hakuna. Mnajua hali ya mafuta kwetu. Akiba zangu zote zilikuwa kwenye friza moja ya maabara, na mwalimu wa nje aliyenitumia hamira hizo alishastaafu. Joto la Bujumbura nalo halimsubiri mtu.

Nyumbani umeme unakuja na kuondoka unavyotaka. Mahali pekee pa karibu penye friji inayogoma kuzima ni buvette ya Mama Furaha mtaani Kamenge, mama mmoja Mkongomani wa Uvira. Buvette maana yake baa, wakuu. Bia ya moto Kamenge inaweza kuleta vita, kwa hiyo jenereta yake inanguruma kutwa.

Nikaenda na hijabu yangu na boksi langu. Nikajieleza nikiwa nimesimama mlangoni.

Yule mama hakuniuliza maswali mengi. Aliondoa chupa rafu nzima ya juu, akaipangusa kwa maji na sabuni, akatandika kitambaa kipya.

"Weka hapa mutoto yangu. Najua dini yenu. Pombe haitagusa vitu yako."

Nilitaka kulia pale pale. Hatukuwa tumewahi hata kusalimiana.

Nilipanga kumweleza Baba jioni ile. Ila ilikuwa Ijumaa, na mdomo wa mtu una mbio kuliko pikipiki. Baada ya swala, mtu mmoja akamvuta Baba pembeni akamwambia binti yako ameonekana anaingia buvette.

Baba alirudi nyumbani, akaniita kabla hajaketi.

"We, uliingia buvette?"

"Ndiyo Baba."

"Kufanya nini?"

"Kuweka levire."

Wakuu, nilijisikia nikisema nikajua nimeharibu. Mama yangu akashika mdomo. Levire, kwa watu wa pombe, ndiyo ya kuchachushia! Nikaanza kueleza gene, sukari, joto, nikawa navuruga zaidi.

Mjue kwamba Baba ndiye aliyenitetea siku zote. Baba zangu wadogo walishasema msichana huyu asome hadi lini, aolewe. Yeye peke yake ndiye aliyesimama. Na sasa ameaibishwa mbele ya wenzake kwa ajili yangu.

Akasema, "Kesho mi mwenyewe nitaenda kuona. Nikikuta si vile unasema, masomo inaisha."

Kesho yake asubuhi tukaenda. Baba alivaa kanzu na kofia, nadhani makusudi. Alisimama ng'ambo ya barabara, hataki hata kivuli cha baa kimguse. Mama Furaha akamletea boksi pale pale alipo, amelishika kwa mikono miwili.

Baba akatazama vile vichupa. Akauliza kama hiyo ndiyo levire ya mkate. Nikamwambia ni ndugu yake, lakini mgonjwa. Akauliza, na mtu anaweza kuwa na ugonjwa huo? Nikamwambia watoto wanazaliwa nao. Akainama, akavitazama tena vile vichupa.

Ghafla jenereta ikaanza kukohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Mama Furaha akashika kichwa. Fundi wake alikuwa amesafiri, na friji ile ikipata joto hamira zangu zimekwisha.

Baba akauliza, "Hiyo machine iko wapi?"

"Iko nyuma, Mzee. Lakini njia ni ya humu ndani tu."

Nilimuona akitazama ule mlango. Akakunja mikono ya kanzu, akasema Bismillah, akaingia.

Ndani wateja walishaanza mapema. Mzee mmoja alipoiona ile kofia akashusha chupa yake chini ya meza. Wa jirani naye akashusha. Muziki ukapunguzwa. "Pita Mzee, pita." Baba akawasalimia kwa Kirundi, mwaramutse, wakaitika wote kama darasa.

Mafuta, yale ya magendo yanayouzwa kwenye madumu, yalikuwa na maji. Alifungua kabureta, akasafisha, akamwaga, akawasha. Ikanguruma. Kanzu ilikuwa imechafuka grisi mpaka magotini.

Adhuhuri akaenda msikitini na kanzu ile ile, Mama yangu alimsihi abadilishe akakataa. Yule mpeleka habari akamuuliza imekuwaje.

Baba akamjibu mbele ya watu, "Nilikuwa buvette. Nilienda kusaidia kazi ya mutoto yangu. Mwenye neno aniambie mimi, binti yangu mumuache."



Umeme uliporudi nilipanda kila hamira kwenye sahani mbili, moja ya ubaridi na moja ya joto. Baba akaomba aje kuona majibu. Sahani ya ubaridi imejaa, ya joto ni nyeupe tupu, hakuna hata chembe.

Akaitazama ile tupu muda mrefu. Akaniwekea mkono begani. "Pole binti yangu. Tulijaribu."

"Apana Baba," nikamwambia, "hivi ndivyo zinatakiwa kuwa. Zingegeuka za dukani, zingeota kwenye joto. Bado ni zile zile."

Mzee wangu akatoa kofia, akajifuta macho nayo.

Nilichojifunza: ukimuona binti wa mtu mahali usipopategemea, muulize yeye kwanza. Msikiti utakuwepo, baba yake utamkuta tu.

Wazazi mlio humu, mtoto wako anasoma kitu usichokielewa hata jina, unamsimamiaje? Na mabinti wenzangu, nani amewahi kuingia kwa ajili yenu mlango ambao hakutaka kuuingia? Nasoma zote.